Mfiwa Hajitanii

Rafiki yangu nilimpata kwa ngumi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza chuoni, asubuhi ya baridi ile ya Mbinga inayofanya maji ya bomba yaume meno, na mimi nimesimama foleni na ndoo yangu nje ya bweni. Akatokea mtu mrefu, mweusi tii, taulo shingoni. Akaisogeza ndoo yangu kwa mguu, akaweka yake. Nikamuuliza kama ana akili timamu. Naye akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia kijiji cha Mapera, Umatengo. Akaigeukia foleni nzima na kusema kwa sauti ya mnadani, "Basi huyu hana haraka. Babu zake walikaa mapangoni bila kuoga wakitukimbia sisi. Yeye akikosa maji asubuhi moja atakufa?"

Nilimpiga. Hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuzificha, na nyumbani kwetu tulifunzwa kujibu kwa mkono kabla ya mdomo. Ngumi ilimpata kwenye meno. Akaangukia ndoo, ndoo ikapasuka, maji yakatiririka hadi miguuni mwa watu. Nikasubiri ainuke tupigane vizuri. Akainuka, akatema damu, akaitazama damu yake pale sakafuni, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mmatengo, umempiga mtani wako," alisema. "Unaijua faini yake? Nitakula kwako mpaka uzeeke."

Na kweli alikula. Tangu siku hiyo sahani yangu ilikuwa yake na sabuni yangu ilikuwa yake. Aliniita mtu wa pango mbele ya wahadhiri, nami nikamwita mwizi wa ng'ombe mbele ya wasichana.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Wangoni, watu wa rafiki yangu, walipoingia huku zama za mababu walikuja na mikuki, sisi Wamatengo tukapanda milimani na kuwapokea kwa mawe. Waliuana sana. Walipochoka kuuana, wakabakiza matusi, na matusi hayo ndiyo utani. Mngoni akinitukana siruhusiwi kukasirika, wala yeye haruhusiwi nikimtukana. Akichukua kofia yangu, nitamlipa ili anirudishie. Lakini ni msibani ambapo utani unakuwa kazi. Mtani ndiye anayezuia watu wasizike, anayejilaza kaburini mpaka apewe kuku, anayeiga jinsi marehemu alivyokuwa akigombana na mkewe. Vijana wa mji humtoa kwa fimbo, fimbo za mchezo, naye hupiga mayowe ya mchezo, na waliofiwa hucheka huku kamasi zinawatoka. Na kuna sheria moja: mfiwa hajitanii. Kicheko cha msibani lazima aje nacho mtu wa nje.

Nilijua hayo yote tangu utoto. Ila sikuwa nimewahi kutaniwa kabla ya kupiga mswaki.

Baba yangu alikuwa mtu wa mkono mzito. Alitupiga kwa sababu ya mbuni wa kahawa uliokatwa vibaya, alitupiga kwa sababu ya shimo la ngolo lililochimbwa upande. Ngolo ni mashimo tunayochimba kwenye mteremko ili mvua isitembee na udongo, na baba aliyapima kwa jicho, na jicho lake halikusamehe. Kaka yangu ana kidole kilichopinda mpaka leo. Kilivunjwa na mpini wa jembe, siku aliyoacha kahawa ikanyeshewa kwenye kichanja. Mama alifunga kidole kile kwa kitambaa, akarudi jikoni. Nilimwogopa baba kuliko nilivyoogopa radi, na radi za kwetu zinaua.

Likizo ya kwanza nikaenda nyumbani na Mngoni wangu. Tuliwakuta wanaume wa ukoo kwenye sengu, yaani ule mlo wa pamoja kwa mkubwa wa ukoo, ambapo watu hula, mambo husemwa na mkosaji husemwa zaidi. Baba alikuwa amekaa katikati.

"Shikamoo, mzee," alisema rafiki yangu.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa Peramiho, mzee. Mngoni."

Baba akarudisha tonge sahanini. "Mmekuja tena?"

"Tumekuja, mzee. Safari ile tuliwasahau wachache."

Nilijua mkono wa baba unavyoanza, huanzia begani. Bega likatikisika. Kumbe anacheka. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na ndiyo kwanza nilikuwa nayaona magego ya baba yangu.

"Mlifika mpaka mlangoni mwa pango," baba alisema akifuta macho, "mkaogopa giza."

"Hatukuogopa giza, mzee. Ilikuwa harufu."

Basi hawakuachana tena. Kila likizo baba alimuulizia yeye kabla ya kuniulizia mimi, na wivu nilikuwa nao, sitadanganya. Siku moja walikuwa wamekaa kwenye mawe ya kuanikia kahawa, rafiki yangu akamwambia, "Mzee, siku yako ikifika nitalala mimi kwanza mle ndani. Nikupimie kama panakutosha. Na sitoki kwa kuku."

"Utatoka kwa fimbo," baba alijibu. "Wanangu wanajua kupiga. Niliwafundisha mwenyewe."

Walicheka wote wawili. Kaka yangu aliyekuwa akichambua kahawa aliinamia kazi yake.

Mwaka wa tatu baba akaanza kuumwa koo. Hospitali walimtazama, wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu, na sote tukaelewa. Sauti iliyokuwa ikitufikia bondeni na kutunyanyua mgongo ikabaki kuwa mnong'ono. Nikienda kumwona alinivuta kwa shati na kuniuliza, "Mngoni wangu hajambo?" Nikimjibu hajambo, alisema, "Mwambie asichelewe." Kufa hakukuwa kukimtisha. Alichoogopa ni kuzikwa kimya, na watu waliokuwa wakimwogopa, wakisubiri tu udongo ujae warudi nyumbani. Alinieleza hivyo kwa maneno yake, kinywa kikiwa karibu na sikio langu. Nilimwahidi kwamba Mngoni atakuja na atalala kaburini.

Ndipo chuo kikatangaza Siku ya Tamaduni za Kimataifa. Wangekuja wanafunzi wa ng'ambo ya ziwa, kutoka Malawi, wavuke hadi Mbamba Bay na kupandishwa mlimani kwa basi la chuo. Wangekuja wa Msumbiji, na kundi la Wazungu waliokuwa wakitembelea vyuo vya kusini. Mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mpole anayependa ratiba, alitukusanya na kututaka kila kundi lilete kitu chake. Wanyasa wa mwambao wakasema wataleta ngoma ya mganda, na kaptula zao nyeupe na soksi zao ndefu. Wangoni wakasema lizombe. Rafiki yangu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ngoma kila taifa linazo. Tuwaonyeshe msiba."

Mlezi alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa mwenyeji, alizijua mila, na aliona kweli hakuna mgeni ambaye angekuwa ameona kitu kama hicho. Akaandika. Mimi nikapewa kuwa maiti. Jeneza hakuna aliyethubutu kuazima, kwa hiyo ningelazwa kwenye mkeka na kufunikwa shuka, na kaburi lingekuwa lile shimo la mchanga la kurukia michezoni.

"Kwangu ni mazoezi," rafiki yangu aliniambia. "Kwa ajili ya mzee."

Siku chache kabla ya sherehe zikaja habari kwamba mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka mjini, ni Mbena. Wabena na Wangoni walipigana zamani hizo hizo, ni watani wa kufa na kuzikana. Mngoni wangu alirusha shuka hewani. "Mbena! Mbena hatoki pale na kofia yake!" Hakuna aliyemwonya, maana kwetu hapakuwa na la kuonya. Mtani amekuja msibani, mtani atavuliwa kofia. Nani asiyejua?

Siku yenyewe ilianza vibaya. Walinzi walikuwa wapya, wa kampuni ya nje ya mkoa, wamepewa virungu vipya na wanatafuta pa kuvizoesha. Getini walimsukuma mama muuza dagaa akaangukia beseni lake, dagaa wa ziwa wakamwagika barabarani, na mwenzao mmoja akawakanyaga kwa makusudi huku akimtazama usoni. Mganda ulipochezwa, kijana mmoja wa mjini aliyesogea karibu na kamba alipigwa kibao kilichosikika katikati ya ngoma. Wageni hawakuona. Walikuwa wakipiga picha.

Zamu yetu ikafika. Wenzangu walinibeba kwenye mkeka wakilia kilio cha uongo, wakanitua mchangani, shuka likanifunika hadi utosini. Chini ya shuka sikuona kitu, mwanga tu wa njano na mchanga sikioni. Nikamsikia akiruka shimoni, akajilaza kando yangu, akanong'ona, "Kaa vizuri, marehemu. Unanuka kitunguu." Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Wenzangu walioigiza vijana wa mji wakaja na fimbo za mchezo, yeye akapiga mayowe, "Mtani, wananiua! Mtani!" na uwanja ukavunjika mbavu. Wazungu walipotafsiriwa, wakacheka nyuma ya wengine.

Halafu akaruka nje. Nikaisikia sauti yake ikienda jukwaani.

"We Mbena! Umekuja msibani mikono mitupu? Kwenu hamfi?"

Kicheko. Kisha "hooo" ndefu ya watu wengi. Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa amemvua mgeni rasmi kofia, akaivaa yeye, akakaa kwenye mkono wa kiti chake na kumwekea mkono begani. Mimi nilichosikia ni buti zinakimbia.

Kirungu kikimpata mtu mgongoni hulia kama godoro linalokung'utwa. Kichwani hulia vingine. Nilianza kusikia mlio wa kwanza, halafu nikasikia wa pili.

"Mtani!" akapiga ukelele. "Mtani, wananiua!"

Maneno yale yale. Uwanja ukacheka tena, zaidi ya mwanzo. Kwa pumzi moja hata mimi nilidhani anaendeleza mchezo. Kwenye pumzi ya pili ile sauti ikapanda mahali ambapo mtu hawezi kuipandisha kwa makusudi, nami nikainuka.

Niliinuka na shuka limeninasa miguuni na kichwani. Mshereheshaji akanguruma kwenye kipaza sauti, "Maiti imefufuka!" Makofi yakalipuka uwanja mzima. Nilijikwaa, nikaanguka, nikainuka, na kila nilipoanguka walipiga makofi zaidi. Nilipolirarua shuka nikaona simu zimeinuliwa juu kila upande, na katikati ya simu walinzi wamemzunguka rafiki yangu aliyekuwa chini amekumbatia kichwa. Wengine walikuwa wakipiga kwa zamu. Mmoja alikuwa akipiga tu, hangoji zamu.

Niliwaingia. Wa kwanza nilimpiga kisogoni kwa kiwiko, wa pili nikamng'ata mkono nikaonja damu yake, na sikujali. Kirungu kikanipata mtulinga, nikausikia mfupa ukikatika. Nikiwa chini nilimwona mlezi wetu, yule mama mpole, amempokonya mshereheshaji kipaza sauti na anapiga kelele, "Acheni! Ni utani! Ni utani jamani!" Wakampigia makofi na yeye.

Kilichokomesha yote ni soksi. Msichana mmoja wa Malawi, wa kundi la wachezaji, alikuwa amesimama mbele kabisa, na damu ya rafiki yangu ikamrukia kwenye soksi nyeupe. Akatazama chini. Akapiga yowe moja kwa lugha yake, na yowe lile halikuhitaji mkalimani. Makofi yakakatika. Binti akafungua kitenge kiunoni, akapita katikati ya walinzi wenye virungu kana kwamba hawapo, akapiga magoti na kukifunga kichwa cha mtu asiyemjua.

Mgeni rasmi akarudishiwa kofia yake. Ilikuwa na damu pembeni, akampa msaidizi wake aishike. Alipopita karibu na pale nilipokuwa nimeshikiliwa nilimsikia akimwambia mlezi kwa sauti ya chini, "Nilijua ni utani, mwalimu. Lakini mbele ya wageni kama wale, ningesema nini?"

Nimesikia mengi ya kuudhi maishani, ila hilo limenikaa kooni. Alijua. Neno lake moja lingetosha. Nilimrukia na mtulinga wangu uliovunjika, na kama wasingekuwa watu wawili waliokuwa wamenishika kiuno, leo ningekuwa naandika haya nikiwa gerezani, na ningeyaandika kwa raha.

Sikio la kushoto la rafiki yangu halikusikia tena. Kichwa walikishona, jino lile lile nililolilegeza mimi siku ya bomba likang'oka kabisa. Kamati ya nidhamu ikakaa. Mzee mmoja wa kamati akatuambia mzaha mzaha hutumbua usaha, akaona amemaliza. Chuo kilitoa matibabu, kikawabadilisha walinzi, na kikaandika barua ya kuomba radhi. Barua ilikwenda kwa mgeni rasmi.

Video ikasambaa. Ilikuwa inaanzia pale nilipofufuka na kuishia kabla ya soksi, na watu wa mbali huko waliisifu kwamba kusini bado tunaenzi utamaduni. Nilimkuta mwanafunzi mmoja bwaloni akiitazama na kujipigapiga paja kwa kicheko. Nikamvunjia sahani ya wali usoni. Nilikuwa nimeinua na kiti, pale mkono uliponishika kwa nyuma.

"Acha, ndugu," alisema rafiki yangu.

Ndugu! Hakuwa amewahi kuniita ndugu. Nikakiweka kiti chini.

Kuanzia hapo akawa mtu wa adabu. Bombani alipanga foleni nyuma ya watu na kusema samahani. Chakula changu hakukigusa. Mtu akifunga mlango kwa nguvu bwenini, yeye aliinua mikono kichwani kwanza, ndipo akageuka kutazama. Nilijaribu kila tusi ninalolijua. "Sogea, mkimbizi wa Zulu," nilimwambia, naye akasogea. Siku moja nilimzaba kibao, kwa hasira na kwa mapenzi, nikitaka anitukanie walau mama yangu wa pangoni. Akashika shavu, akanitazama kwa huruma kama kwamba mgonjwa ni mimi, akaondoka. Nililia chooni.

Na baba bado alikuwa akiuliza. Nikimpelekea uji alinivuta shati. "Atakuja?" Nikamjibu atakuja. Sauti yake ilikuwa imeisha kabisa, aliuliza kwa midomo.

Alifariki msimu wa kuchuma kahawa, vichanja vimejaa. Nilimwandikia rafiki yangu maneno mawili tu. Akajibu, "Pole sana, ndugu. Nitafika."

Alifika. Alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi kooni. Alipita kwa kila mzee akisema shikamoo, akamshika mama mkono kwa mikono miwili, akaenda kukaa mwisho wa benchi, sikio zima limeelekea watu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye mkono wa ukoo, akaniuliza, "Ndiye yule Mngoni wake?"

"Ndiye, shangazi."

"Mbona kama katekista?"

Misa ikasomwa. Tukambeba baba hadi kaburini, juu ya shamba, juu ya ngolo zake mwenyewe zilizopangwa kwa mstari. Padri akamaliza sala, akasogea pembeni, maana hata padri alijua kinachofuata. Vijana wenye machepe wakasimama. Watu wakaangalia huku na huku. Kikaja kile kimya ambacho baba alikiogopa. Hakuna aliyelia sana, nami najua kwa nini, karibu kila mwanamume pale aliwahi kupigwa naye. Mtu mmoja akakohoa. Kijana mmoja akaokota kamba ya kuteremshia, mwenzake akainua chepe.

Nikachanganyikiwa. Nikampokonya chepe, nikasimama kwenye ukingo na kupiga kelele, "Hakuna kuzika! Hakuna kuzika mpaka kuku! Leteni kuku!" Sauti yangu ilikuwa mbaya, ilikuwa ya mtu anayetaka kupigana. Hakuna aliyecheka. Watoto walirudi nyuma. Shangazi akaja mbio na kunizaba kofi la kulia lililonifanya nione nyota.

"Mfiwa hajitanii!" alifoka huku machozi yakimtoka. "Unataka kuita msiba mwingine? Baba yako hakukufundisha kitu?"

Akainua mkono tena. Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma, ya taratibu, kama ya mtu anayejaribu mguu uliovunjika.

"Shangazi, ongeza la kushoto. Mmatengo hasikii kwa kofi moja."

Watu wote waligeuka. Alikuwa amesimama, akifungua kifungo cha juu. Akaja. Alipompita baba mdogo akamvua kofia, akaivaa yeye. Akateremka kaburini, akajinyoosha chali.

"Mzee aliniagiza nimpimie," alisema kutoka chini. "Jamani, nani amechimba hapa? Hili si kaburi, hii ni ngolo! Mnamzika mzee au mnampanda?"

Mlima mzima ulicheka. Shangazi aliyekuwa na mkono hewani aliushusha tumboni na kuinama. Rafiki yangu akakohoa kikohozi cha baba, akaitoa na sauti ya baba, ile ya zamani, yenyewe hasa: "Nani ameacha kahawa ikanyeshewa?" Kaka yangu akacheka mpaka akakaa chini, mkono wenye kidole kilichopinda ameuficha kwapani. Sikuwahi kumwona akimcheka baba. Sikujua hata kama alikuwa akimlilia, mpaka pale.

Wakamletea kuku. Akasema ana mafua. Wakaleta jogoo, akauliza kama ni mkwe wao. "Nilimwambia mzee sitoki kwa kuku!" Basi wanaume wakaitana kwa shangwe, kaka akachukua mpini wa jembe, akasimama ukingoni na kuuinua juu kama desturi inavyotaka.

Rafiki yangu aliuona mpini. Akajikunja ubavu, akakumbatia kichwa, akapiga ukelele.

"Mtani! Wananiua! Mtani!"

Watu wangu wote wakacheka. Wazee, shangazi, mama, watu waliozaliwa ndani ya utani na kunyonyeshwa nao, walicheka hadi wakashikana mabega, kwa kuwa hivyo ndivyo mtani anavyolia. Ni mimi tu niliyeijua ile sauti.

Nilijitupa kaburini. Nilimwangukia juu, na mpini wa kaka ukanishukia mgongoni, si kwa nguvu nyingi, ila mkono wa kwetu ni mkono wa kwetu. Vicheko vikazidi. Chini yangu alikuwa akitetemeka mwili mzima, meno yanagongana, macho ameyafumba. Nikahisi suruali yake inalowa. Nikalitafuta sikio zima, la kulia.

"Mngoni. Ni mimi. Ni marehemu wako wa siku ile."

Meno yakaendelea kugongana.

"Leteni pombe ya wachimbaji!" nikapiga kelele kwenda juu. "Mngoni anadai pombe!" Wakanipa ndoo nzima, wakishangilia. Niliimwaga yote, kichwani kwake, kwangu, kwenye suruali zetu, mpaka hapakuwa na mtu mlimani pale ambaye angeweza kujua ni kipi kilichomlowesha. Pombe ilimwingia puani, akapiga chafya, akafumbua jicho moja. Alinitazama kwa muda mrefu, akavuta pumzi, ikakwama, akavuta tena.

"Marehemu," alisema, midomo bado inamcheza, "unanuka kitunguu."

Tulitoka tumeshikana, tumelowa, tumepakaa udongo mwekundu, na yeye akamkwapua jogoo njiani bila kumshukuru mtu. Vijana wakashika kamba. Chini kulikuwa na alama za miili miwili, wangu na wa Mngoni wake, na walipomteremsha baba alilala juu ya alama hizo.